Kipimo Bila Shahidi

Majirani wameniomba mengi katika maisha yangu ya nyumba za wafanyakazi: chumvi, kiberiti, mchi, hata mtoto wa kumtuma dukani. Ni mmoja tu aliyewahi kunibishia hodi asubuhi, akasalimia vizuri kama mtu mwenye adabu zake, kisha akaniomba mkojo.

"Nesi, habari za kuamka? Kama bado hujaenda msalani, naomba kidogo tu humu," akasema, akaninyooshea kichupa kilichooshwa kikatakata.

Nilimfungia mlango. Ndiyo kwanza nilikuwa nimehamishiwa hospitali ile ya Nachingwea kutoka Mtwara, na kwa kuwa kwetu ni Ruponda tu hapo, nilijiona mwenyeji. Sikuwa tayari kuchezewa na mtu wa kuja. Nikaenda kumshtaki kwa mlinzi wa getini. Mlinzi akacheka mpaka akashika nguzo.

"Huyo ni Mtaalamu wa maabara, dada. Wala hakutanii. Anatafuta shahidi."

Jina alikuwa nalo, lakini lilikaa kwenye karatasi za mshahara tu. Kwa daktari mkuu, kwa polisi, kwa wauza karanga, alikuwa Mtaalamu. Alitoka bara, bara ya wapi sikuuliza, naye hakuwa mtu wa kusimulia kwao. Nilichojua ni kwamba kabla ya kuletwa kwetu, miaka ya tisini mwanzoni, alifanya kazi Dar es Salaam kwenye maabara inayopima vitu vya mahakamani: sumu, damu, bhangi, unga. Kwa nini mtu wa kazi hiyo aliishia Nachingwea kutafuta minyoo kwenye choo cha wanafunzi, kila mtu alikuwa na hadithi yake. Mimi nadhani aligombana na mtu. Alikuwa hodari sana wa kugombana.

Sasa huyo shahidi. Mtaalamu hakupima kitu peke yake hata siku moja. Ukimletea mkojo wa mtu anayeshukiwa kuwa na sukari, anaweka pembeni mkojo mwingine anaoujua kuwa safi, na mwingine alioutia sukari mwenyewe. Vyote vitatu vinachemshwa na ile dawa ya buluu, moto mmoja, mkono mmoja. Ule safi ukigeuka rangi, ujue dawa imeharibika au mpimaji amelala. "Kipimo bila shahidi ni umbea," alikuwa akisema, na akisema hivyo anakutazama wewe, kana kwamba wewe ndiye uliyeuleta huo umbea.

Mkojo safi aliotumia siku nyingi ulikuwa wake mwenyewe. Ila msimu wa korosho ukifika na mabibo yakaiva, Mtaalamu alikuwa mteja wa uraka kila Jumamosi. Alikunywa ameketi, hana kelele, anarudi nyumbani kwa miguu yake. Jumatatu anasema mwenyewe, "Wiki hii mimi sifai." Nikamwambia, lakini Mtaalamu, uraka unahusiana nini na sukari ya mgonjwa? Akanijibu, "Shahidi hatakiwi kuwa na lolote, Nesi. Unajuaje kesho watakuja kutafuta nini?" Ndipo anapopita milangoni na kichupa.

Aliyemsaidia zaidi ni mtawa mmoja aliyesimamia wodi ya watoto, tukimwita Sista tu. Kila akikiona kichupa alifanya kwanza ishara ya msalaba.

"Hivi wewe Mtaalamu huna haya?"

"Haya ninayo, Sista. Nilichokosa ni mkojo wa mtu mtakatifu."

Alimpa. Nusu ya watu wa wilaya ile wamepimwa wakilinganishwa na Sista, nao hawakujua. Hata mimi nilikuja kuzoea, na kichupa changu nikawa nakiacha dirishani kama mtu anayeacha maziwa.

Lakini kilichomfanya ajulikane mpaka vijijini haikuwa sukari, ilikuwa bhangi. Polisi wakikamata majani, utaratibu ulitaka sampuli ifungwe kwa lakiri, ipelekwe Dar es Salaam kwa mkemia wa serikali. Masika barabara zetu zilikuwa zinakatika, basi halipiti, na mtu anakaa mahabusu akingoja jibu la majani yake. Kwa hiyo mkuu wa kituo akawa anamwomba Mtaalamu atazame kwanza, ili wajue kama kuna haja ya kuyasafirisha. "Mimi natazama tu," alikuwa akiwakumbusha. "Wa kusema ni mkemia."

Siku moja wakamleta bibi mmoja wa Mkotokuyana pamoja na kiroba cha majani makavu yaliyosagika. Askari aliyemleta alikuwa kijana, ana furaha ya kukamata kiroba kizima. Bibi Kiswahili kilimpa tabu, ila neno moja alilirudia bila kuchoka: "Mboga. Mboga wanangu. Mboga ya kiangazi."

Mtaalamu alitoa makopo yake kabatini, kila kopo na jani lake: tumbaku, kisamvu, kahawa, na lile la bhangi ya kweli alilolifungia kwa kufuli. Akaanza na hadubini. Akamwita askari atazame mwenyewe: jani la bhangi lina vinywele vilivyopinda kama kucha za paka, na la bibi lina vichache vilivyonyooka. Askari akasema nywele ni nywele tu.

"Na ndiyo maana hatuishii hapo," Mtaalamu akasema.

Akamimina dawa yake ya rangi. Ilikuwa na vanila ndani, basi jengo zima likanukia keki, na wagonjwa kwenye benchi wakaanza kuulizana nani anaoa. Akaongeza asidi, akasubiri, mwisho akatia kloroform na kutikisa. Kwenye bhangi ya kweli rangi ya zambarau ikashuka chini ya kichupa ikatulia huko. Ya bibi haikushusha kitu. Kahawa ilianza kugeuka ikamtia askari tamaa, lakini rangi yake ikagoma kushuka.

"Umeiona hiyo? Ungeishia njiani, ungefunga kila mwenye birika la kahawa Nachingwea. Mpe bibi mboga yake."

Yalikuwa majani ya kunde. Wiki iliyofuata bibi alirudi na fungu la kumshukuru, Mtaalamu akalipika, akala na ugali, halafu akaja kwangu kulalamika kwamba lina mchanga. Ndivyo alivyokuwa. Alikutoa mahabusu, kisha akakulaumu mboga hukuiosha.

Mtu mkali hivyo ungetegemea awachukie wavutaji. Wapi! Hakuwa na neno nao kabisa. Mwalimu mmoja wa sekondari, mama aliyehamishiwa kwetu kutoka mikoa ya ziwa, alimburuta mwanawe mpaka mlango wa maabara.

"Mpime huyu! Macho mekundu, hasomi, hali."

"Umemuuliza, Mwalimu?"

"Nimuulize nini? Atanidanganya."

"Mimi sipimi mtu. Napima mkojo, na mkojo hausemi kwa nini. Kaeni hapo kwenye benchi, muulize. Mkishindwana nitakuja."

Wakakaa. Baadaye kidogo nilipita na dawa, nikamkuta kijana analia na mama anamfuta kwa ncha ya kanga. Mtaalamu alikuwa ndani anaosha vioo, hata hakuchungulia.

Mpira aliupenda kupita kiasi. Wakati wachimba dhahabu wa Namungo wakicheza, alipanda lori mpaka Ruangwa, akasimama pembeni ya uwanja amevaa suruali yake ya kazini, akimtukana refa. Siku hizo hakukuwa na washika vibendera, ni refa peke yake na filimbi. "Goli gani hilo? Nani shahidi?" anapiga kelele mpaka mishipa inamtoka. Wachimbaji walimpenda kwa hilo, wakawa wanampigia kelele hizo hizo kabla hajafungua mdomo.

Haya, sasa nifike kwenye kilichotuumiza.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa dereva wa lori la parokia kule Ruponda. Ukoo wetu haukuwahi kuwa na dereva. Mama akisikia honi barabarani, hata ya basi, anasema, "Mwanangu huyo." Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili kampuni moja ya kutafuta madini ikaweka kambi upande wa Ruangwa, ikataka madereva. Mdogo wangu akaomba. Wakamwona anafaa, yeye na wenzake watatu, wakaambiwa kimebaki kitu kimoja tu: kila mmoja apimwe mkojo kama hatumii bhangi.

Kampuni ilileta vipimo vyake yenyewe kwenye maabara yetu, vya kuchovya, ndani ya vipakiti vinavyong'aa. Maelekezo yaliandikwa kwa lugha ambayo Nachingwea nzima hakuna aliyeisoma. Mtaalamu akaomba kipimo kimoja zaidi kwa ajili ya shahidi. Mtu wa kampuni akasema hakuna, vimeletwa kwa idadi ya watu, na meneja anataka majibu leo leo. Mtaalamu angeweza kukataa. Jambo hili nimelifikiria sana. Mtu aliyegombana na dunia nzima kwa vitu vidogo, siku hiyo iliyohitaji ugomvi hakugombana.

Vipimo vya mistari wakati huo tulikuwa tunavijua. Cha mimba, mistari miwili, mimba ipo. Cha virusi vya UKIMWI, kilichokuwa kimeanza kuingia, mistari miwili, vipo. Mmoja, hakuna kitu. Mkono na jicho vilikuwa vimezoea hivyo. Mtaalamu akachovya, akangoja, akasoma kama anavyosoma siku zote. Madereva watatu walitoa mistari miwili, akaandika bhangi ipo. Mmoja alitoa mstari mmoja, akaandika haipo. Mdogo wangu alikuwa kwenye wale watatu.

Parokia ilisikia kabla ya jioni. Funguo za lori zikachukuliwa siku ya pili. Ruponda si mji mkubwa. Kufika Jumapili, watu walikuwa wanampisha mdogo wangu kwenye benchi la kanisa kama mwenye upele. Mama akaacha kutaja honi. Mdogo wangu mwenyewe alikuja kwangu, akakaa jikoni, akashindwa hata kunywa chai.

"Dada, mimi sijawahi kushika msokoto. Hata wa kumshikia mtu."

Nilimwamini. Nilimlea, namjua akidanganya sikio linavyomcheza. Nikaenda maabara nimewaka moto.

"Mdogo wangu havuti."

"Nesi, mimi sipimi mtu. Napima mkojo."

Loo! Maneno yale yale niliyokuwa nikiyasifu, siku hiyo nilitamani kumrushia chupa. "Na aliyefaulu unamjua? Soko zima linamjua! Ukimtafuta unafuata moshi!"

"Soko si shahidi."

"Sawa. Basi niambie shahidi wako alikuwa nani. Siku ile uliweka mkojo wa nani pembeni?"

Akavua miwani, akaiweka mezani, akaivaa tena.

"Hakuwepo," akasema.

Asubuhi akapanda gari la Ruangwa. Sijui aligombana vipi kule kambini, ila jioni alirudi na kipakiti kimoja kinachong'aa, hakupita kwake, akaenda moja kwa moja kwa Sista na kichupa. Mimi nilikuwa nyuma yake. Akachovya mbele yetu sote wawili. Mstari wa kwanza ukatoka. Tukangoja. Wa pili ukatoka, mwekundu, umenyooka.

"Maana yake nini?" Sista akauliza.

"Ama wewe unavuta, Sista, ama mimi ni mjinga."

Hakuna aliyecheka. Akaketi kwenye kitanda cha mtoto, akatueleza taratibu, nadhani alikuwa anajieleza mwenyewe. Rangi ya kipimo kile ina mikono, alisema. Mkojo ukiwa safi, mikono iko mitupu, inafika kwenye mstari wa pili na kuushika, mstari unaonekana. Bhangi ikiwepo, inaijaza mikono ile njiani, rangi inapita bila kushika kitu na mstari hautoki. Miwili ndiyo usafi. Kipimo hiki kinasomwa kinyume na ndugu zake wote.

"Kule Dar niliwahi kukisikia," akasema. "Nilisikia, sikukishika. Mkojo wako mmoja tu ungeniokoa, Sista."

Alirudi Ruangwa akamwambia meneja kwamba majibu yote manne ni kinyume. Yule aliyefaulu akaondolewa kazini siku ile ile. Wale watatu wakaambiwa poleni, nafasi zimeshajazwa na madereva kutoka Dar. Akaenda parokia. Padri alimsikiliza vizuri, akasikitika, lakini lori alikuwa amepewa mtu mwingine mwenye watoto wake, naye hakuwa na kosa. Kwa hiyo Mtaalamu alifanikiwa kuwakosesha kazi wote wanne, na mvutaji naye akawa adui yake.

Mwisho akaja nyumbani kwetu Ruponda. Hakutuma mtu, alikuja mwenyewe, Jumapili baada ya misa, makusudi ili awakute watu. Wajomba walikuwepo, katekista alikuwepo, majirani wakasogea. Mama alimpa kiti, akakataa kukaa.

"Kijana wenu ni safi," akasema kwa sauti ya uwanjani. "Nilisoma kinyume. Kosa si la mkojo wala la kipimo. Ni langu mimi."

Mama akaanza kulia. Katekista akasema tumshukuru Mungu. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Nimesikia," akasema. "Jina limerudi. Gari halijarudi." Akachukua jembe akaenda shambani, Jumapili ile.

Tangu hapo hakumpa shikamoo. Mtoto wa kwetu kumpita mtu mzima bila shikamoo ni jambo zito, mama alimsema mpaka akachoka. Wakikutana Nachingwea sokoni, mdogo wangu anageukia nyanya. Hakumwita Mtaalamu tena wala mzee, alimwita "yule mtu". Alilima korosho, akalima ufuta, akaendesha trekta la mtu msimu mmoja, na miaka ikapita hivyo. Mimi nilibaki katikati, jirani wa mmoja na dada wa mwingine. Nilimkasirikia Mtaalamu muda mrefu, sifichi, na kichupa nilikuwa naendelea kukiweka dirishani.

Yeye alizidi ukali. Akiletewa kipimo kisicho na ziada ya shahidi, anakirudisha, hata kikiletwa na mkubwa gani. Alipostaafu hatukufanya sherehe kubwa. Alisema hapendi hotuba. Wengi walidhani atarudi kwao bara. Akahamia Ruangwa, akapanga chumba njia ya kwenda Namungo, akafuga kuku na kwenda mpirani.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa maana ya kukaa ilikuwa mwishoni mwa miaka ile ya elfu mbili. Nilikuwa chumba cha wagonjwa wa nje, mchana, foleni imepungua. Nikasikia pikapu inasimama nje, nikaijua kwa mngurumo: ilikuwa ya mfanyabiashara wa ufuta aliyekuwa amempa mdogo wangu kazi mwaka ule, hatimaye usukani tena. Mdogo wangu akaingia amemshika mtu mkono. Mtu mwenyewe amekonda, midomo imekauka, anatembea kama anayetafuta ngazi gizani. Ilinichukua muda kumtambua Mtaalamu.

"Nimemkuta barabarani kule Namungo, amekaa chini," mdogo wangu akasema, akitazama ukuta. "Anaomba maji kila dakika. Ningemwacha?"

Nikamkalisha. Kiu, mkojo mwingi, kukonda: hata mwanafunzi angejua. Nikachukua mashine ndogo ya sukari, ile ya kuchoma kidole, nikamshika mkono. Akauvuta.

"Mashine hii leo imepata shahidi?"

"Mzee, wewe ni mgonjwa. Lete kidole."

"Nimekuuliza, Nesi."

Nilitaka kukasirika, nikaona macho yake, nikashindwa. "Sina wa kumpima, Mtaalamu. Mimi mwenyewe sifai, nina sukari tangu mwaka jana. Sista alishahamishwa. Unataka nimwite nani?"

Akatikisa kichwa, mkono ameuficha kwapani kama mtoto. Mdogo wangu alikuwa bado amesimama mlangoni, funguo za pikapu mkononi. Akaziweka mfukoni, akasogea, akanyoosha kidole mbele yangu.

"Nichome mimi."

Mtaalamu akainua kichwa, akamtazama.

"Huyo anafaa," akaniambia. "Huyo ni safi. Namjua."

Nikamchoma. Mashine ikafikiri, ikatoa namba nzuri, ya mtu mzima asiye na kitu. Nikamwonyesha Mtaalamu, akaisoma, akairudisha, akaisoma tena. Mdogo wangu akabana pamba kwenye kidole chake.

"Haya dada," akasema. "Mpime sasa mzee wangu."

Na Mtaalamu akanyoosha mkono.